Mamoti na Kivuli Chake: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Kila Februari 2, alfajiri ya baridi kali, maelfu ya watu hujaa kwenye kilima cha Gobbler's Knob, Punxsutawney, jimbo la Pennsylvania, Marekani. Wanamngoja Phil. Huyu ni mamoti, mnyama mchimba mashimo wa jamii ya kindi, mnene kama paka aliyeshiba. Mila husema: akiona kivuli chake, baridi itaendelea kwa wiki 6. Asipokiona, majira ya kuchipua yako karibu.

Dhana: Ni mila ya wenyeji asilia wa Amerika.
Jina la mji, ndiyo, limetoka kwa Walenape, mojawapo ya jamii za wenyeji hao. Mila yenyewe ilivuka bahari na wahamiaji wa Kijerumani. Kwao mtabiri alikuwa melesi, ndugu wa mbali wa nyegere wetu. Walipofika Pennsylvania wakakuta mamoti tele, kazi akapewa mamoti. Lakini mnyama ni nyongeza tu. Kiini ni siku: Sikukuu ya Kutolewa Bwana Hekaluni, siku 40 tangu Krismasi kwa kuhesabu na Krismasi yenyewe, ambapo mishumaa hubarikiwa. Wakulima wa Ulaya waliamini kwamba jua likiwaka siku hiyo, baridi bado ipo. Kukiwa na mawingu, afadhali. Kivuli kinashuhudia jua, basi.

Dhana: Ilianzia Punxsutawney.
Mwaka 1841 James Morris, mwenye duka wa Morgantown, Pennsylvania, alikwishaiandika katika shajara yake kama imani ya Wajerumani. Punxsutawney iliingia miaka ya 1886 na 1887, ikipigiwa debe na Clymer Freas, mhariri wa gazeti la mji. Jina Phil ni la 1961.

Dhana: Phil ni yuleyule tangu mwanzo.
Wanachama wa klabu inayomtunza, wavaa kofia ndefu nyeusi, husema anakunywa dawa ya kurefusha maisha. Utani mtupu.

Dhana: Mnyama ndiye anayeamua.
Matamko mawili huandikwa mapema. Rais wa klabu, mkononi ana mkongojo wa mgunga unaomwezesha “kumwelewa” Phil, huonyesha lipi lisomwe. Wataalamu wa hali ya hewa wa serikali ya Marekani wamelinganisha utabiri huo na joto halisi la miaka ya karibuni: hupatia chini ya nusu.

Porini, mamoti dume hutoka shimoni Februari kweli. Anakagua majike yaliko, kisha anarudi kulala hadi Machi.