Nyongeza ya Mshahara Haiombwi kwa Ada za Watoto

Juma lililopita ilifika tena mezani kwangu barua ya namna ileile, safari hii kutoka kwa mtunza stoo ambaye kazi yake naiheshimu. Baada ya "Husika na kichwa cha habari hapo juu" alijaza ukurasa mzima kwa ada za watoto watatu, kodi ya nyumba ya Mwanga na mama mgonjwa aliyeko Kasulu, kisha akaiomba ofisi "imfikirie". Kiasi hakukitaja. Wala hakutaja kwamba tangu mwenzake wa kupokea mizigo bandarini aache kazi mwezi Machi, yeye ndiye anayefanya kazi zote mbili.

Nimekuwa afisa utumishi hapa Kigoma kwa muda wa kutosha kuijua imani hii: watu wanadhani mshahara hupanda pale mwajiri anapoguswa. Shida ni za kweli, na sizidharau hata kidogo. Lakini anayeidhinisha nyongeza yuko Dar es Salaam, hajawahi kukuona, na barua ndiyo itakayokusemea huko. Isitoshe, kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinataja hali ya ndoa na majukumu ya familia miongoni mwa mambo ambayo mwajiri haruhusiwi kuyafanya msingi wa kubagua wafanyakazi. Nikikuongezea wewe mwenye watoto watatu na kumwacha asiye na mtoto anayefanya kazi ileile, nimemdhulumu yeye na kuiweka kampuni pabaya. Unaniletea sababu ambayo, hata nikiiamini kwa moyo wote, siwezi kuiandika kwenye pendekezo.

Lipo kosa linaloniumiza zaidi, nalo ni kuchanganya ombi na dai. Mei Mosi 2025, pale Singida, Rais alitangaza kwamba kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kingepanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai, na haukupita muda nikaanza kupokea barua za wafanyakazi wetu zikinukuu tangazo hilo. Halikuwahusu. Sekta binafsi ina amri yake ya kima cha chini, na viwango vyake hupangwa kisekta. Ukigundua kwamba unalipwa chini ya kiwango cha sekta yako, usiandike "naomba": hapo unadai haki, barua inaitaja amri yenyewe, na ukipuuzwa unaupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Ukiwa juu ya kiwango hicho, mwajiri halazimiki kukuongezea kila mwaka, isipokuwa mkataba wako, au mkataba wa hali bora kati ya chama cha wafanyakazi na mwajiri, unasema hivyo. Hapo ndipo unapoomba.

Kiasi kiandikwe kwa mshahara ghafi, yaani kabla ya makato. Anayetoka 600,000 hadi 700,000, akiwa anachangia mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, asilimia 10, atakatwa 10,000 ya mchango na 18,000 ya kodi, na mkononi zitaongezeka 72,000. Mwajiri naye ataongeza 10,000 ya NSSF juu ya hiyo laki. Barua ipite kwa mkuu wako wa idara, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa.

Nina mashaka yangu pia. Katika duka la familia, ambako mwenye mali anawajua watoto wako kwa majina, nimeona barua ya shida ikijibiwa siku hiyohiyo, na huko labda kanuni yangu haifai. Kuhusu kuambatisha barua ya ajira uliyoipata kwingine, sijapata msimamo: nimeona ikimpandisha mtu, na nimeona ikimfanya atazamwe kama abiria anayesubiri meli.

Mtunza stoo nilimrudishia barua yake, tukakaa naye jioni moja. Ya pili ina aya tatu: kazi alizoajiriwa nazo, kazi alizobeba tangu Machi, pamoja na nakala sita za hati za kupokelea mizigo zenye sahihi yake, na kiasi anachoomba, 120,000 kwa mwezi, ambacho hakifiki nusu ya mshahara wa yule aliyeondoka. Alitaka mama yake abaki walau katika sentensi moja. Tulibishana, akabaki. Barua imeondoka Jumatatu.