Muungano usio na mfuko: Marekani kabla ya Katiba yake

Watu wengi hudhani Marekani ilizaliwa mwaka 1776 ikiwa tayari nchi moja, na rais wake na serikali yake. Sivyo. Yalikuwa majimbo 13 yaliyoshikana kupigana na Uingereza, na mkataba wa shirikisho lao ulianza kutumika tarehe 1 Machi 1781, Maryland ilipouridhia, ya mwisho. Hapakuwa na rais wa kuongoza serikali wala mahakama kuu. Palikuwa na Kongresi tu, ambamo Virginia kubwa na Rhode Island ndogo zilikuwa na kura moja moja.

Nikifundisha kipindi hiki huanzia kwenye fedha. Kongresi haikuruhusiwa kutoza kodi. Iliyaandikia majimbo kuomba michango, nayo yakatoa kidogo, yakachelewesha au yakanyamaza. Mwaka 1781 ikapendekeza ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa za kutoka nje, ili ilipe madeni ya vita. Mabadiliko kama hayo yalihitaji ridhaa ya majimbo yote. Rhode Island ikakataa, mpango ukafa. Pendekezo jingine la ushuru likaja mwaka 1783, safari hii likakwamishwa na New York.

Walioumia ni wale waliopigana. Juni 1783, mamia ya askari waliodai mishahara yao waliizingira Kongresi mjini Philadelphia. Wajumbe wakaiomba serikali ya Pennsylvania iite wanamgambo. Ikasita. Kongresi ikafungasha, ikahamia Princeton.

Miaka mitatu baadaye wakulima wa Massachusetts, wengi wao askari wa zamani, walianza kufunga mahakama zilizokuwa zikiwanyang'anya mashamba kwa madeni. Mmoja wa viongozi wao alikuwa Daniel Shays. Wengine huwaita wahuni, nami naona hilo ni kuwaonea: walilipwa kwa hati za ahadi, shida ikawalazimisha kuziuza kwa bei ya kutupa, kisha wakadaiwa kodi nzito. Januari 1787 walipoiendea ghala ya silaha ya Springfield, wanne waliuawa kwa mizinga. Jeshi lililowasaka baadaye liligharimiwa na matajiri wa Boston, kwani Kongresi haikuwa na kitu.

Mei mwaka huohuo wajumbe wakakutana Philadelphia. Rhode Island haikupeleka mtu. Katiba waliyoiandika iliipa Kongresi uwezo wa kutoza kodi, na ilihitaji ridhaa ya majimbo 9 tu. Rhode Island iliikubali tarehe 29 Mei 1790, kwa kura 34 dhidi ya 32, George Washington akiwa rais kwa zaidi ya mwaka mmoja.