Mwenyekiti wa mtaa si mhuri wa polisi

Wiki hii nimeulizwa tena, safari hii na diwani: "Wakili, polisi wakishataja usalama wa taifa, sisi huku chini tuna la kufanya kweli?" Hakusubiri jibu, kwa sababu moyoni alishaamua kuwa hawana la kufanya. Wenyeviti wa mitaa wa Arusha na Moshi wananiambia hivyohivyo, na nimechoka kujibu kwa simu, mmoja mmoja.

Kuna na wenzao wanaoamini kinyume chake kabisa. Hao wamesikia habari za Marekani, wanadhani baraza la madiwani likipitisha azimio, Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2002 itaishia kwenye mpaka wa Jiji. Niwajibu hao kwanza. Ni kweli kwamba baada ya Patriot Act, sheria yao ya kupambana na ugaidi, kusainiwa tarehe 26 Oktoba 2001, mabaraza ya miji na wilaya zaidi ya 400 kule yalipitisha maazimio ya kuipinga. Ann Arbor walianza mapema 2002. Arcata, mji mdogo wa California, mwaka 2003 walikwenda mbali zaidi: walitunga sheria ndogo ya kumtoza faini ya dola 57 mkuu wa idara ya mji atakayewasaidia wapelelezi kwa hiari yake katika jambo linalovunja katiba. Hakuna mji hata mmoja uliofuta sheria ya taifa. Walichokataa ni kutoa msaada ambao sheria haikuwalazimisha kuutoa, na waliweza kwa sababu polisi wa mji kule ni waajiriwa wa mji.

Kwetu polisi wote wako chini ya IGP, Mkuu wa Jeshi la Polisi. Sheria ndogo ya halmashauri haiwezi kugongana na sheria ya Bunge, na haianzi kutumika mpaka waziri aikubali. Mkurugenzi anateuliwa na Rais. Kwa hiyo azimio la aina ya Arcata hapa Arusha lingebaki kwenye muhtasari wa kikao. Na tafadhali, Mkuu wa Wilaya si serikali ya mtaa. Yule ni serikali kuu, na mamlaka yake ya kuamuru mtu awekwe ndani hadi saa 48 yanatoka kwenye Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997, yenye masharti yake, ikiwamo kuandika sababu. Sitalirudia hilo.

Sasa nije kwa wanaosema hawana la kufanya, maana hapa ndipo watu wanapoumia.

Ibara ya 146 ya Katiba inazipa serikali za mitaa kazi ya kuhakikisha utekelezaji wa sheria na ulinzi wa wananchi. Vyote viwili vimewekwa pamoja. Mwenyekiti anayeambiwa kazi yake ni kusaini tu amepewa nusu ya ibara. Na kusaini kwenyewe si jambo dogo. Polisi wakija kupekua nyumba, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai na PGO namba 226, yaani mwongozo wa kazi wa Jeshi la Polisi, zinataka shahidi huru, na shahidi huyo mara nyingi huwa ni mwenyekiti wa mtaa, kitongoji au balozi. Anaamshwa saa tisa usiku, anatembezwa hadi nyumba ya jirani, anakuta vitu vimeshapangwa mezani, anapewa kalamu. Anasaini. Miaka miwili baadaye anapanda kizimbani kuapa kwamba aliona vikitolewa chini ya kitanda, jambo ambalo hakuliona.

Shahidi huru anashuhudia upekuzi wenyewe, tangu mlango unapofunguliwa. Ukikuta umeshaanza, sema hivyo, na iandikwe saa uliyofika. Uliza hati ya upekuzi iko wapi. Kama hakuna, uliza dharura ni ipi, kwa sababu kupekua bila hati kunaruhusiwa kwa dharura, na dharura ni lazima iwepo kweli. Hati ya kawaida hutekelezwa kati ya macheo na machweo, isipokuwa mahakama iwe imeruhusu saa nyingine. Kisha soma hati ya kukamata mali, yaani orodha ya vitu vilivyochukuliwa, mstari kwa mstari: simu ni ya rangi gani, ina namba gani ya utambulisho (IMEI), noti ni ngapi na za shilingi ngapi. Chini ya kitu cha mwisho kilichoandikwa huwa pana nafasi tupu. Piga mstari wa kukata nafasi yote hiyo, ndipo usaini chini yake. Mstari huo nimeuona ukiamua kesi, kwa sababu hakuna aliyeweza kuongeza kitu baada yake.

Mahakama ya Rufani imewahi kuondoa vielelezo na kuwaachia watu huru kwa sababu upekuzi ulifanywa bila hati wala dharura. Lakini mahakama hiyohiyo imewahi kusema kwamba kukosekana kwa risiti ya mali si kitu ikiwa hati ya kukamata mali imesainiwa na waliohusika. Ndiyo kusema, saini ya mwenyekiti inaweza kuziba pengo ambalo lingemwokoa jirani yake. Kesi ya Freeman Mbowe, wakati huo mwenyekiti wa CHADEMA, na wenzake ilikuwa ya ugaidi, taifa zima likiifuatilia, mpaka Mkurugenzi wa Mashtaka (DPP) alipoiondoa tarehe 4 Machi 2022. Hata humo, mmoja wa mashahidi wa Jamhuri alikuwa raia wa kawaida wa Rau Madukani, Moshi, aliyeitwa kushuhudia upekuzi.

Nasikia hoja kwamba haya ni kuwatetea magaidi. Mimi ni mkazi wa Arusha. Mei 2013 bomu lilirushwa kanisani Olasiti, Juni likarushwa jingine kwenye mkutano wa hadhara uwanja wa Soweto, na watu walikufa. Nataka aliyefanya vile akamatwe na afungwe. Upekuzi wa hovyo ndio unaompa mlango wa kutokea, au unamfunga mtu mwingine badala yake.

Kipimo chenyewe cha sheria za namna hii kilitamkwa na Mahakama ya Rufani katika shauri la Kukutia Ole Pumbun, lililotoka hukuhuku Arusha, mwaka 1993. Sheria inayopunguza haki ya mtu kwa ajili ya maslahi ya umma isiwe ya kionevu, iwe na kinga dhidi ya maamuzi ya kionevu, na isichukue zaidi ya kinachohitajika. Kifungu kilichomtaka mwananchi aombe kibali ndipo aishitaki Serikali kilianguka kwa kipimo hicho. Hata hivyo siamini kwamba kipimo kinatumika kwa ujasiri uleule siku zote. Agosti 2020, katika shauri la Dickson Sanga, Mahakama ya Rufani ilirudisha kifungu kinachozuia dhamana kwa makosa kadhaa, ugaidi ukiwamo, baada ya Mahakama Kuu kukibatilisha. Bado siridhiki na hukumu ile, na nawaambia wateja wangu wazi: ukishtakiwa kwa ugaidi, utasubiri kesi ukiwa mahabusu.

Nina shaka nyingine, kubwa zaidi. Mwenyekiti ni mtu wa posho ndogo, ana chama chake, na anaishi mtaa mmoja na askari. Kumzuia polisi kazi yake ni kosa, wala simshauri mtu yeyote asimame mlangoni. Nikimwambia aulize hati, namtuma akasimame peke yake. Sijui ni wangapi watathubutu. Hapo ndipo baraza la madiwani lina kazi halali, bila kugusa sheria ya Bunge: liagize kila mwenyekiti apewe mafunzo ya upekuzi, na mwanasheria wa halmashauri apokee simu usiku.

Na daftari la wakazi. Lile lina majina, namba za nyumba, kabila wakati mwingine, wageni waliolala. Tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Ina misamaha ya usalama wa taifa, nakubali, lakini msamaha hauwi ruhusa ya kumpa daftari zima kijana aliyekuja na pikipiki bila kitambulisho. Mwombe barua yenye jina, cheo, kituo na taarifa anayoitaka, mpe hiyo tu, na nakala ya barua ibaki kwenye faili la ofisi ya mtaa.