Mbwa mwitu akiondolewa ulinzi, nani anaruhusiwa kumuua?

Wengi huamini kwamba mbwa mwitu wa Marekani (si yule wa mabaka wa mbuga za kwetu) akitolewa kwenye orodha ya wanyama wanaolindwa, kila mwenye bunduki ana ruhusa. Kinachotokea ni kwamba madaraka hutoka serikali kuu na kuhamia jimboni. Montana na Idaho, mwindaji hukata leseni. Sehemu kubwa ya Wyoming haitaki leseni, kwa hiyo imani hiyo haikuzuka hewani. Hata kikomo huvukwa: Februari 2021, Wisconsin, wawindaji waliopangiwa kikomo cha mbwa mwitu 119 waliua 218 ndani ya siku tatu. Ukitaka kuhakikisha, soma kanuni za uwindaji za jimbo lenyewe: msimu, idadi, na hasa tarehe ya kanuni hizo, maana mambo hubadilika. Februari 2022 mahakama ilirudisha ulinzi sehemu nyingi, Wisconsin ikiwemo.