Altrasaundi ya Mishipa ya Damu: Dhana Potofu Kuhusu Elimu Endelevu, na Ukweli Wake

Kila mwaka, muda wa kuhuisha leseni unapokaribia, wahudumu wa afya wa Nairobi huanza kuhesabu pointi za elimu endelevu: madaktari kwa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, matabibu kwa baraza lao, wauguzi kwa lao. Hesabu hiyo ni ya lazima na ina maana yake. Ninalotaka kulizungumzia ni fikira ambazo nimezisikia kwa miaka mingi katika vyumba vya altrasaundi, hasa pale mtu anapoombwa kupima mishipa ya damu, na ambazo huwafanya hata wachapakazi hodari watoe majibu yasiyo sahihi.

Dhana ya kwanza ni kwamba aliyefuzu altrasaundi ya kawaida hana cha kuongeza ili apime mishipa, kwa kuwa mashine ni ile ile.

Mashine ni ile ile, ila swali linalojibiwa ni tofauti. Tunapopima ini au figo, kwa kiasi kikubwa tunatazama umbo. Katika mshipa tunapima mwendo wa damu, na mwendo huo mashine haiuoni. Huukokotoa kutokana na tofauti ya masafa kati ya mawimbi ya sauti yaliyotumwa na yaliyorudi, kwa kanuni aliyoieleza Christian Doppler mwaka 1842, huku ikichukulia kwamba sauti husafiri mita 1,540 kwa sekunde ndani ya tishu laini. Ndani ya hesabu hiyo kuna kitu ambacho mashine haiwezi kukijua mpaka iambiwe, nacho ni pembe kati ya mwale wa sauti na mkondo wa damu. Ule mstari mfupi tunaouzungusha kwa kidole juu ya picha, hadi ulale sambamba na mkondo, ndio unaoiambia. Mpimaji mwenye haraka akiuacha umekaa upande, namba itatoka hata hivyo, nadhifu kabisa kwenye kioo, na itakuwa ya uongo.

Tuchukue mfano wa ateri ya karotidi ya ndani, mshipa wa shingoni unaopeleka damu kwenye ubongo. Tuseme damu inakwenda sentimita 200 kwa sekunde, na pembe halisi ni digrii 60. Mpimaji akiuweka mstari kwenye digrii 65, mashine itaandika karibu sentimita 237. Digrii 5 tu, ambazo jicho lililochoka halizitambui, zimeongeza kasi kwa takriban asilimia 18. Kwa vigezo vya makubaliano ya wataalamu wa Marekani vya mwaka 2003, kasi ya kati ya 125 na 230 huashiria mshipa uliozibika kwa asilimia 50 hadi 69, na inayozidi 230 huashiria asilimia 70 au zaidi, kiwango ambacho mgonjwa aliyekwisha kupata dalili za kiharusi hupendekezewa upasuaji kwa nguvu zaidi. Kigezo cha kasi hakisomwi peke yake; hutazamwa pamoja na picha ya utando wa mafuta ukutani na uwiano wa kasi za karotidi ya ndani na ile kuu. Hata hivyo, mgonjwa wetu amevushwa mstari wa 230 kwa kosa la kidole. Kosa lilo hilo likitokea kwenye digrii 70, nyongeza hufika karibu asilimia 32, na hiyo ndiyo sababu tunafundishwa tusivuke 60. Jambo hili halifundishiki kwa kusimuliwa. Linahitaji mtu akae kando yako, akuone ukiinamisha proba, kile kifaa cha mkononi kinachogusa ngozi, na akushike mkono pale unapokosea.

Dhana ya pili, ambayo naiona yenye madhara zaidi kuliko zote, husema kwamba mwili wa binadamu haubadiliki, kwa hiyo aliyojifunza mtu chuoni yanamtosha mpaka astaafu.

Mwili haubadiliki, lakini ufahamu wetu wa vipimo hubadilika, na lugha ya ripoti pia. Vile vigezo vya karotidi vya 2003 vilipitiwa upya, na mwaka 2021 ikapendekezwa kwamba mshipa usihesabiwe kuwa umeziba kwa nusu au zaidi kwa sababu tu kasi imefika 125. Kasi ifike 180, au ikiwa ni 125 na kuendelea, uwiano nao ufike 2. Asiyesoma tangu wakati ule bado anawatisha watu ambao mishipa yao haijafikia kiwango hicho. Mwaka 2020 majina ya mawimbi ya ateri, yaani michoro ya mwendo wa damu kwenye kioo, nayo yalioanishwa, kwa sababu ripoti mbili kuhusu mguu mmoja ziliweza kutumia neno lile lile kwa maana mbili tofauti.

Mfano unaoniuma unahusu jina la mshipa. Vena ya paja, mshipa unaorudisha damu moyoni na ulio ndani kabisa, kwa miongo mingi iliitwa kwa Kiingereza kwa jina lenye maana ya vena ya juu juu ya paja. Nilipokuwa bado najifunza, katika hospitali moja ya jiji hili, tulimpima mama aliyejifungua wiki mbili nyuma, mguu wake wa kushoto ukiwa umevimba na kung'aa. Hatukushangaa kwamba ni wa kushoto, kwani vena ya nyonga ya upande huo hupita chini ya ateri na kubanwa, na ujauzito huzidisha hali hiyo. Tulipoikandamiza vena ya paja kwa proba haikulala. Kuta zake zilibaki zimeachana, na katikati palijaa kijivu cha damu iliyoganda. Ripoti ikaandikwa kwa jina la zamani. Daktari wa wodi, ambaye hakufanya uzembe wowote, alisoma "ya juu juu", akaelewa kwamba si mgando wa ndani, ule unaoweza kufika mapafuni, akampa dawa za maumivu na kumruhusu aende nyumbani. Siku ya nne alirudishwa akihema kwa shida. Alipona, namshukuru Mungu. Jina hilo lilikuwa limekwisha kubadilishwa na wataalamu, nasi katika chumba chetu hatukuwa na habari.

Kuhusu mguu huo huo, mapendekezo yaliyotolewa Marekani mwaka 2018 yanataka vena za ndani zikandamizwe kuanzia kinena hadi kifundo, kwa kila sentimita 2, badala ya kugusa kinena na nyuma ya goti tu. Pale ambapo kipimo kifupi ndicho pekee kinachowezekana, kama usiku kwenye chumba cha dharura, mgonjwa aliyeonekana hana tatizo arudiwe baada ya siku 5 hadi 7. Mapendekezo hayo yanataka pia makovu ya damu iliyoganda zamani yaitwe mabadiliko ya baada ya mgando, wala yasiitwe mgando sugu, ili mtu asianzishiwe dawa za kuzuia damu kuganda kwa ajili ya ugonjwa uliokwisha kupita.

Wapo wanaoamini kwamba mambo haya ni ya idara ya radiolojia peke yake. Sikubaliani nao hata kidogo. Muuguzi wa kitengo cha kusafisha damu ndiye anayeichoma fistula ya mgonjwa wa figo, yaani vena iliyounganishwa na ateri kwa upasuaji, mara kadhaa kwa wiki, na akijua kanuni iliyozoeleka ya namba 6, yaani mtiririko wa mililita 600 kwa dakika, upana wa milimita 6 na kina kisichozidi milimita 6, vikikaguliwa wiki 6 baada ya upasuaji, atajua kama fistula imekomaa au kama anaiharibu kwa sindano. Vivyo hivyo tabibu wa kliniki ya kisukari anayelinganisha shinikizo la damu la kifundo na la mkono. Uwiano wa 0.90 au chini yake unaashiria ateri zilizoziba, hilo wengi wanalijua. Wachache hukumbuka kwamba ateri za mgonjwa wa kisukari zinaweza kukakamaa kwa chokaa zisibanike, uwiano ukapanda kupita 1.40, au ukaonekana wa kawaida wakati kidole kinaelekea kuoza. Hapo inabidi kupima shinikizo la kidole gumba cha mguu na kuyatazama mawimbi yenyewe.

Kuhusu masomo ya mtandaoni, nasikia kauli mbili zinazopingana: kwamba hayana thamani, na kwamba yanatosha. Kwa vigezo, fizikia na kusoma mawimbi yanafaa sana, na yamemfikia mtu wa Kitui ambaye asingeweza kuacha kazi wiki nzima kuja Nairobi. Mkono hayaufundishi. Anayetafuta pointi achague pia kinachofanana na kazi yake, kwani hata bodi ya Marekani inayosajili wapimaji, ambayo hudai saa 30 kwa kila miaka 3, haiwezi kumhakikishia mtu kwamba saa hizo zimemgusa pale alipo dhaifu.

Udhaifu huo hujulikana kwa kulinganisha, na hapa kuna dhana ya mwisho, kwamba kulinganisha majibu ni kazi ya hospitali kubwa zenye kamati. Mimi nilianza na daftari la kurasa 96. Niliandika tarehe, kipimo, jibu langu, kisha jibu la CT au alichokikuta daktari wa upasuaji, na safu ya mwisho nikaiacha kwa ajili ya sababu ya tofauti. Baada ya miezi kadhaa niliona kwamba makosa yangu ya karotidi yalikuwa mengi upande wa kushoto wa mgonjwa. Nilikuwa nakaa kuliani kwake, mkono ukinyooka kupita kiasi kuifikia shingo ya upande wa pili, na pembe ikiharibika bila mimi kutambua. Nikakisogeza kiti hadi kichwani pa kitanda, na safu ile ikaanza kubaki wazi.