Msimbo P0420 haumaanishi lazima masega yamekufa

Kwenye magrupu kunazunguka ujumbe huu: mashine ya kupima gari ikisoma P0420 (msimbo wa hitilafu unaosema masega hayasafishi moshi vya kutosha), masega ya ekzosi, yaani sehemu inayosafisha moshi ndani ya bomba, yamekufa, yang'oe au nunua mapya. Tafadhali usiusambaze, unawapotezea watu pesa nyingi.

Kompyuta ya gari haiyaoni masega yenyewe. Inalinganisha sensa mbili za oksijeni, moja kabla ya masega na nyingine baada yake. Ekzosi ikivuja au sensa ya nyuma ikichoka, msimbo huohuo hutokea, na hapo ndipo wengi huchanganyikiwa. Injini ikiwa imepata moto, mwombe fundi akuonyeshe sensa ya nyuma kwenye mashine: ikitulia karibu volti 0.6 au 0.7, masega yanafanya kazi. Ikipanda na kushuka harakaharaka, tafuteni kwanza panapovuja. Kagueni plagi za injini pia, maana zikiwa mbovu, petroli isiyoungua huharibu hata masega mapya.