Je, wajua kwa nini Wapemba wanahesabiwa miongoni mwa makabila ya Kenya?

Mwaka 2023 Serikali ya Kenya iliwatambua rasmi Wapemba kuwa mojawapo ya makabila ya nchi hiyo. Kwetu Visiwani habari hiyo ina ugeni wake, kwani hapa Mpemba hatajwi kwa kabila. Hutajwa kwa kwao, akawa Mkojani, yaani mtu wa kisiwa cha Kojani, au mtu wa Wete, au wa Micheweni. Ilikuwaje basi jina la kisiwa likawa kabila ng'ambo?

Chanzo ni dago, yaani kambi ya wavuvi ufukweni, mbali na nyumbani. Msimu wa kaskazi bahari inapotulia, wavuvi wa Pemba, Wakojani wakiwa mbele, hupakia majarife, yaani nyavu za papa, na chumvi ndani ya mashua na kwenda kuvua katika pwani ya Kenya, maji ya Vanga, Shimoni, na hata Mayungu karibu na Malindi. Papa akipatikana hupasuliwa, akatiwa chumvi na kuanikwa juani mpaka awe ng'onda. Kazi hiyo huchukua miezi, na si kila aliyekwenda dago alirudi. Wapo waliooa huko, wakajenga na kuzaa. Lugha haikuwapa tabu, maana Kivumba cha Wasini na Vanga ni ndugu yake Kipemba.

Wala hapo zamani hawakuwa wakienda nchi ya watu. Ukanda wa maili 10 wa pwani hiyo ulikuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, ingawa tangu 1895 uliendeshwa na Waingereza, hadi Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar na mtu wa Pemba mwenyewe, walipokubaliana uwe sehemu ya Kenya. Mpemba aliyekuwa Vanga alijikuta ugenini bila ya kutweka tanga.

Kwa kuwa usajili wa Kenya huuliza kabila, aliyekosa kabila linalotambulika alikosa kitambulisho, na bila kitambulisho hata leseni ya uvuvi ni shida. Wamakonde wa Kwale walitangulia kudai kutambuliwa, walipofunga safari ya miguu kuelekea Nairobi Oktoba 2016.

Limebaki fundo moja. Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima. Hivyo Mpemba wa Mayungu mwenye kitambulisho cha Kenya, akija Wete kuzika, kisheria huingia kama mgeni, hata kama kaburi linachimbwa katika kiambo cha babu yake.